Mkeka wa Marijani

Kila alipotoka shule, Tabu hakwenda kucheza na wenzake. Alipita nyumbani kwao Temeke, akala muhogo uliobaki asubuhi, kisha akaifuata njia ya mchanga mpaka kwenye ghala la sufi, alikofanya kazi mama yake, Bi Hamisa.

Ulikuwa wakati wa ile vita kubwa iliyopiganwa mpaka baharini. Sufi ilishindiliwa ndani ya mavazi ya mabaharia ili wakitumbukia majini waelee, kwa hiyo kazi haikukoma. Wanawake walikaa chini tangu asubuhi wakitoa mbegu na maganda, na vumbi jeupe likiwatua kichwani hata wasichana wakafanana na vikongwe. Watoto wachanga hawakuruhusiwa kulivuta vumbi lile. Walilazwa katika chumba cha pembeni, kila mtoto na mkeka wake, na mchana Tabu ndiye aliyewaangalia. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Marijani, ambaye hata kutambaa alikuwa bado.

Siku moja ikaja habari ya kutisha. Mtu asiyejulikana alikuwa amepiga simu kwenye ghala jingine, huko bandarini, akasema ametega bomu. Bomu halikuonekana, lakini watu walikanyagana mlangoni, na wengine wakavunjika mikono na miguu. Wanawake wa sufi waliposikia walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja," wakaendelea kuchambua huku wakitupa macho mlangoni.

Msimamizi wao, Karani Gaudens, hakutaka kungoja lije. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, aliyependa utaratibu kuliko chai. Alitundika kipande cha reli kwenye nguzo, akawakusanya wote.

"Chuma hiki kikilia, acha ulichoshika," alisema. "Toka, nenda mpaka kule kwenye minazi. Ukiona kitu usichokijua, usikiguse. Na ukishatoka umetoka, hakuna kurudi ndani."

Alipokigonga kwa mara ya kwanza, ilikuwa vurugu tupu. Hakuna mama aliyeelekea nje. Wote walikimbilia chumba cha watoto, kila mmoja akimtafuta wake, wanaoingia wakigongana na wanaotoka. Bi Hamisa, aliyekuwa akishona magunia upande wa mbali kabisa, alipambana na umati mpaka kanga ikamvuka. Tabu alibanwa ukutani, mtoto huku na mtoto huku, asiweze kwenda mbele wala nyuma.

"Lingekuwa bomu la kweli, sasa hivi mngekuwa marehemu!" Karani alifoka. "Na mimi pamoja nanyi!"

Ndipo akatoa amri iliyozua ugomvi. Wale wanaokaa karibu na chumba ndio watakaowatoa watoto, kila mmoja na mkeka wake, awe mama mzazi asiwe. Wengine wote watoke moja kwa moja. Mkeka wa Marijani aliangukiwa nao Felicitas, ambaye wote walimwita Mama Wilbert. Alikuwa mgeni kutoka Bukoba, mpole, na Kiswahili chake bado kilikuwa na lafudhi ya kwao. Mwanawe Wilbert alilala mkeka wa jirani, basi yeye angewatoa wote wawili.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Bi Hamisa alilalamika. "Mie nitoke mikono mitupu, mwanangu abebwe na mtu baki?"

"Ndiyo, Mama Tabu," Karani alijibu. "Wewe uko karibu na mlango mkubwa. Kazi yako ni kuufungua. Usipoufungua, huyo atakayembeba mwanao atapita wapi?"

Bi Hamisa alifikiri, akakubali. Kila Jumamosi asubuhi wakafanya mazoezi, na taratibu ile vurugu ikaisha. Karani alizunguka akiwakumbusha, "Mwenda pole hajikwai," nao wakamwiga sauti wakicheka, lakini walitoka kama alivyotaka.

Tabu ndiye aliyeshindwa kukubali. Alimtazama Mama Wilbert, akajiuliza moyoni: mwanamke ana watoto wawili wa kubeba, mmoja wake, mmoja wa mwenziwe. Moto ukiwaka nyuma yake, atamwacha yupi? Jibu alilojipa lilimtia hofu. Kwa hiyo akatafuta njia yake. Kila mchana, akina mama walipokuwa wamezama kazini, alimwondoa Marijani mkekani, akamlaza nyuma ya rundo la magunia kwenye kona ya chumba kile. Chuma kikilia, atamnyakua yeye mwenyewe, wala hatamtegemea mtu. Jioni kabla ya kazi kwisha alimrudisha, na hakuna aliyegundua.

Karani alikuwa na desturi ya kuchungulia dirishani mchana na kuuliza, "Watoto wote wapo mahali pao?"

"Wapo, Bwana Karani," Tabu alijibu siku zote, bila hata kupepesa macho.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Watoto walikuwa wamelala, na maji ya kunywa yamekwisha mtungini. Tabu alichukua ndoo akaenda kisimani, mwendo mfupi tu. Alikuwa ndio kwanza ameitwika aliposikia chuma kikilia. Alitaka kucheka, kisha akakumbuka kwamba mazoezi hufanywa Jumamosi. Ndoo ilianguka, naye akatoka mbio.

Alipofika, wanawake walikuwa wakimalizia kutoka kwa utaratibu ule ule waliouzoea, wengine wamebeba watoto. Tarishi wa tajiri mwenye ghala alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka mjini. Yule mtu wa simu alikuwa amepiga tena, na safari hii alilitaja ghala la sufi la Temeke. Polisi walikuwa njiani.

Tabu alielekea mlangoni. Karani alimdaka mkono.

"Nje ni nje, Tabu. Nenda kwenye minazi."

"Bwana Karani, niache! Niache kidogo tu!"

"Hata mimi siingii," alisema, akamkokota mpaka walipokuwa wenzake.

Pale wakahesabu watoto. Alipungua mmoja.

Mama Wilbert alikuwa wa kwanza kusema. Wilbert alikuwa mgongoni mwake, na mikono yake ilikuwa mitupu. "Mkeka wa Marijani ulikuwa mtupu," alisema. "Nilipapasa, nikaita Tabu, hakuna aliyeitika. Nikadhani dada yake amekwisha kutoka naye."

Bi Hamisa alimgeukia binti yake. "Tabu, mdogo wako yuko wapi?"

Tabu aliwaza kusema hajui. Aliwaza kusema alimwacha mkekani, na lawama zote zingemwangukia yule mgeni, na wengi wangeamini. Ndipo kutoka ghalani ikaja sauti ya mtoto analia. Marijani alikuwa ameamka.

"Nilimhamisha," Tabu alisema, na machozi yakamtoka. "Yupo nyuma ya magunia, kwenye kona, mkono wa kushoto. Kila siku namhamisha. Nilimdanganya Bwana Karani."

Bi Hamisa alipiga ukelele akakimbilia ghalani. Wanawake wanne walimrukia, wakaanguka naye mchangani, wakamshika. Alipigana nao, akawauma, akawatukana, akawabembeleza. Hawakumwachia. Walikuwa wakilia pamoja naye, na bado hawakumwachia.

Tabu alisimama. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Mtoto alilia, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza kama kuna anayekuja, kisha akalia tena. Mikono ya Tabu ilijua namna ya kumnyanyua na namna ya kumpigapiga mgongoni mpaka atulie, lakini sasa ilining'inia tu. Hata angemwita, asingesikika. Mama Wilbert alipiga magoti akisali kwa lugha ya kwao. Karani Gaudens aliikazia macho njia ya mjini, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

Hatimaye gari la polisi likatokea. Koplo Nassibu aliruka chini kabla halijasimama, akamsikiliza Karani, kisha akainama mbele ya Tabu.

"Sema tena, binti. Wapi?"

"Chumba cha pembeni. Kona ya kushoto, nyuma ya magunia."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Afande."

Koplo aliwaamuru askari wenzake wabaki, akaingia peke yake. Kilio kikaendelea, kikaendelea, kisha kikakatika ghafla, na Tabu akafumba macho. Alipoyafumbua, Koplo alikuwa akija anatembea upesi, Marijani begani, nywele zake zimejaa sufi, anachezea kifungo cha sare ya askari.

Polisi walipekua ghala mpaka alasiri, gunia kwa gunia. Hawakukuta bomu.

Tabu alimwendea Mama Wilbert, akashindwa kumtazama usoni. "Nisamehe, mama. Nilidhani utamwacha."

"Nimejua," Mama Wilbert alijibu. "Nami niliogopa, mwanangu. Lakini niliufikia mkeka wake kabla ya ule wa Wilbert, maana mdogo wako alikuwa amana."

Tabu alilia upya, na safari hii kwa aibu. Bi Hamisa, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, alimketisha kando yake. Marijani alikuwa akinyonya.

"Sikupigi," alisema. "Uliposema kweli ulimwokoa, maana askari alimwendea moja kwa moja bila kutafuta. Lakini nisikilize. Mtu mwovu alituletea bomu la uongo, na kila mmoja wetu angetoka salama. Aliyemweka mdogo wako hatarini ni wewe uliyempenda, kwa sababu uliona mpango wa wote hautoshi, ukafanya wako kwa siri. Ukiwa na hofu, iseme mbele ya watu, tuirekebishe pamoja. Ukiificha, ndani ya hofu hiyo ndimo mtu atakapoachwa."

Tabu aliitikia kwa kichwa. Mama yake akamtoa Marijani kifuani, akajifunga kanga vizuri, kisha akanyanyuka na kumpa mtoto Mama Wilbert ambebe mpaka nyumbani.