Kadi ya Mzee Chuma

Kiti cha abiria kilikuwa cha moto. Si moto wa jua, maana alfajiri ile vioo vilikuwa bado na umande. Ni ule moto wa mtu aliyetoka kuinuka sasa hivi. Na lori lilikuwa limelala limefungwa, na dereva wake, Jongoo, alikuwa peke yake.

"Uchovu huu utaniua," alijisemea, akapiga miayo hadi taya likalia.

Jina la Jongoo tulimpa kwa urefu wa tela lake. Kwa kuendesha, aliyemzidi ni mimi tu, na mimi nimeshastaafu.

Sasa, sheria inajulikana. Dereva wa lori akimaliza saa zake za siku, anazima injini na kupumzika kwa muda wa saa kumi na moja, ndipo aguse tena usukani. Kwenye dashibodi kuna kisanduku; unachomeka kadi yako, nacho kinakuhesabia. Ukizidisha, kinapiga kelele kuliko mke mwenza, na wakaguzi wanakungoja kwenye kizuizi cha barabara.

Lakini mke wa Jongoo alikuwa amekaribia kujifungua, na njia ilikuwa ndefu. Nyuma ya kizuia jua ilikuwepo kadi ya Mzee Chuma, mwenzake wa zamu, aliyefia usingizini mwezi uliopita, na kikohozi chake kikavu, kifua kikinuka dawa ya kuchua. Basi jana yake, saa zilipomwishia, Jongoo alichomeka kadi ya mzee. Kisanduku kikanyamaza. Nani aliyepumzika kumshinda marehemu?

Adhuhuri mkewe akapiga simu.

"Baba watoto, uchungu umeanza. Uko wapi?"

"Nakuja, mke wangu. Vumilia."

"Na huyo anayekohoa ni nani?"

Jongoo akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila mkanda ulikuwa umefungwa.

"Redio," akanong'ona.

"Redio gani inaomba maji?"

Simu ikakatika. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa ndani ya lori, akafungua kioo nayo isitoke, barabara ikawa inayeyuka mbele kwa jua, kope zikawa nzito kama magunia, akajisemea afumbe jicho moja tu, moja, na alipolifumbua alikuwa amekaa upande wa abiria, mkanda umembana kifua, na lori lilikuwa linakwenda, na usukani ulikuwa unajizungusha taratibu kwenye kona, na gia zilikuwa zinaingia kwa ule ulaini wa mtu mmoja tu aliyemfahamu duniani.

Kho, kho.

"Mzee wangu," Jongoo alisema. "Simama. Nakuomba."

"Nilikuwa nimelala, kijana wangu." Sauti ilikuwa imechoka, haina hata hasira. "Ukaniita kazini."

Jongoo akabonyeza kisanduku kitoe kadi. Hakikutoa, wenye kazi wanajua, gari likiwa mwendoni kadi haitoki.

"Simama, mzee, nikurudishie mapumziko yako!"

"Yangu umeshayaharibu. Nitachukua yako."

Breki zikapumua, lori likaegemea kando ya barabara kwa adabu zote. Jongoo akaichomoa kadi, akaipeleka kwenye kaburi la mzee na kuifukia upande wa kichwa, akaomba radhi mpaka machozi yakakauka. Kisha akapumzika saa zote za sheria, bila kupata hata lepe la usingizi, ndipo akaenda nyumbani.

Alikuta mtoto ameshazaliwa, salama, na mama yake kajilaza. Jongoo akavua viatu, akapitisha mkono kwenye upande wake wa kitanda.

Palikuwa pa moto.

"Umeamka tena?" mkewe akanong'ona, macho yamefumba. "Rudi ulale, baba. Ila geukia ukutani. Kikohozi chako kinamshtua mtoto."