Pumzi za Binti wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate alikuwa mtu wa utani. Wateja walimpenda kwa hilo. Mkewe alikaa dukani kuuza, mwenyewe alishinda jikoni chini, kwenye tanuri. Shule zikifungwa, binti yao wa miaka kumi na minne alipandisha sinia za mikate kutoka jikoni hadi dukani.

Siku hizo binti alikuwa mzito kupanda ngazi. Alipanda kidogo, akasimama, akahema. Tena alivaa sweta zito, hata karibu na tanuri.

"Jamani, bibi kizee huyo anakuja!" baba alisema akipanda nyuma yake. "Mkate ukifika utakuwa umeota ukungu!"

Wateja waliangua kicheko. Binti aliinamisha uso.

Asubuhi moja aliketi kwenye ngazi, sinia mapajani. Kifua kilimpanda na kushuka.

"Uvivu gani huu?" baba alifoka. "Na hilo sweta ndilo linalokuchosha. Livue!"

"Baba, tafadhali."

"Nimesema livue!"

Watu walikuwa wakitazama. Binti alivua sweta polepole. Alipoinama kuokota sinia, blauzi yake nyepesi ilimshika mgongoni. Upande wa kulia, mfupa wa bega ulikuwa umetuna. Kiuno kilikuwa kimeingia ndani upande mmoja tu.

Mama aliacha kuhesabu chenji, akakimbia kumfunika kwa kanga. Mwoka mikate alibaki amesimama na unga mikononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walifunga duka, wakaenda hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha uti wa mgongo uliopinda upande, mfano wa herufi S.

"Ni zile sinia, daktari?" baba aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyempinda?"

"Hapana. Si sinia, si begi la shule, wala si kukaa vibaya," daktari alijibu. "Mara nyingi chanzo hakijulikani. Hali hii huonekana vijana wanapokua kwa kasi. Atavaa mkanda maalumu wa kushikilia mgongo, na tutampima mara kwa mara. Kuhusu pumzi, nendeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba."

Mtaalamu huyo alikuwa mwanamke mmoja mchangamfu. Alimpa binti mashine ndogo ya kupimia pumzi, akamwambia avute hewa kwa nguvu zake zote. Mshale ulipanda kidogo, ukakwama.

"Mbavu zimeshikana na uti wa mgongo," alieleza. "Uti ukipinda, mbavu nazo hubanwa. Mapafu yanakosa nafasi ya kujaa vizuri. Misuli ya kuvutia hewa inafanya kazi kwa shida, na inachoka upesi."

"Kwa hiyo haukuwa uvivu," mama alisema, akimtazama mumewe.

"Uvivu? Nani kasema ni uvivu?" mtaalamu aliuliza.

Binti alitazama sakafu. Hakumtaja mtu. Mwoka mikate aliona bora angetajwa.

Mtaalamu alitoa kifaa cha plastiki kinachoshikwa mkononi. Ndani kilikuwa na springi inayofanya hewa iwe ngumu kuvuta.

"Kaa wima, legeza mabega. Vuta kwa nguvu, tumbo litoke mbele. Halafu toa taratibu. Misuli ya pumzi ni kama misuli ya mkono, ikifanyishwa kazi inapata nguvu. Ukisikia kizunguzungu, pumzika. Usikaze springi mwenyewe, hiyo ni kazi yangu baada ya kukupima."

"Na mgongo utanyooka?" binti aliuliza.

"Sitakudanganya, mwanangu. Zoezi hili halinyooshi mgongo. Linakusaidia upumue vizuri zaidi. Mkanda na mazoezi mengine, endelea navyo kama ulivyoelekezwa."

Siku za mwanzo binti alijifungia chumbani na kifaa chake. Kisha chumba kikawa kimya. Baba alibisha hodi, akaingia.

"Mbona sikusikii ukifanya zoezi, mama?"

"Kinakoroma, baba. Naona aibu. Mtanicheka."

"Nani atakucheka humu ndani?"

Binti alimtazama machoni. "Wewe."

Mwoka mikate alikaa chini, mgongo ukutani. Machozi yalimlengalenga.

"Nilikufanya kichekesho mbele za watu," alisema. "Ulikuwa unaumia, nami nikatafuta kuchekesha wateja. Nisamehe, binti yangu. Sina pa kuuweka uso wangu."

Binti alikishika kifaa chake. Baba akanyoosha mkono. "Lete na mimi nikorome, tuwe wawili."

"Hapana! Hiki hakichangiwi, tutaambukizana vikohozi," binti alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Kaa hapo tu. Ukicheka, utoke."

Baba hakucheka. Tangu siku hiyo alikaa naye kila alipofanya zoezi. Baadaye alikiosha kifaa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akakianika, kama walivyoelekezwa.

Miezi ilipita. Waliporudi kupima, mshale ulipanda zaidi kuliko mwanzo.

"Hongera!" mtaalamu alisema. "Nani anakusimamia nyumbani?"

"Baba."

"Una bahati. Baba wa namna hii ni wachache."

Masikio ya mwoka mikate yalimwaka moto. Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Aliona hastahili, akaaga haraka.

Kituo cha basi kilikuwa juu ya kilima. Binti alitangulia, mkanda ndani ya blauzi, akisimulia habari za safari ya darasa lao. Alisimulia bila kuishiwa pumzi. Mwoka mikate alibaki nyuma, ameshika kiuno, akihema.

"Nisubiri kidogo, mama!"

Binti aligeuka, akarudi, akamshika mkono.

"Usipandishe mabega, baba," alisema. "Vuta kwa tumbo. Taratibu. Hakuna anayekucheka."