Kiti cha Wavinya

Jumamosi hiyo ya mwaka wa tisini na sita, soko la Gikomba, Nairobi, lilikuwa limefurika watu. Wavinya, mpiga chapa aliyepunguzwa kazi kule Industrial Area na sasa akichapia watu barua nyumbani, alikuwa akirukaruka matope kwa viatu vya kisigino kirefu kama mtu anayekanyaga makaa. Alitoka moja kwa moja harusini, gauni la manjano, kucha nyekundu, na mgongo uliochoshwa na kupigia chapa kitandani.

"Niaje, msupa? Unatafuta kabati au mume?" fundi Mbaluka akamwita, vumbi la mbao hadi nyusini.

"Kiti na meza ya taipureta. Mume hukaa tu, hafanyi kazi."

"Basi keti nikupime." Akapima kutoka chini hadi goti, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Fundi, hilo goti umelipima mara tatu."

"Nahakikisha."

Kiti na meza vilipokamilika, Mbaluka alivipeleka mwenyewe kwa mkokoteni hadi chumbani kwa Wavinya, Makongeni, akawa anarudi kila Jumapili baada ya kanisa kunywa chai. Kufikia wiki ya nane, walishaanza kuitana "dia". Wavinya naye alishaanza kumeza tembe za maumivu. Kile kiti kilimning'iniza miguu kama mtoto, mgongo ukawaka moto. Lakini angeanzia wapi kumwambia? Siku za kazi taipureta ilirudi kitandani. Jumapili ikapanda mezani kumpokea mgeni.

Mbaluka akatokea Alhamisi. Akakuta taipureta kitandani, na meza yake imebeba sufuria tatu na kitunguu.

"Kumbe nilitengenezea sufuria! Sawa. Nimejua mahali pangu." Akashika njia.

Kesho yake Wavinya alikimbilia simu ya barabarani, akapiga duka la misumari jirani na karakana, fundi akaitwa.

"Dia, kiti kiko juu! Mgongo unaniua. Niliogopa kukuumiza."

"Hakiwezi. Nilikupima mwenyewe."

"Nikiwa nimevaa viatu gani?"

Kicheko kikapasua simu.

"Vile visigino! Aki, niliangalia mguu, kiatu sikukiona!"

Jioni alifika na msumeno. Akakata miguu ya kiti na ya meza, akaisogeza meza dirishani, akaubana waya wa taa ukutani usimkwaze mtu. Wavinya akaketi, nyayo zote chini, mgongo ukatulia.

"Ijaribu. Chapa barua."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yako, kule Mwingi." Akakohoa. "Naomba kuleta mbuzi watatu wa posa, mwezi wa Disemba."

Vidole vikakimbia, kengele ya taipureta ikalia. Mbaluka akainama kusoma.

"Nilisema Disemba. Mbona umechapa Agosti?"

"Hao mbuzi wanangoja nini?"