Kipimo cha Tatu

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Chapuchapu alifuatana na mama yake kazini. Mama alikuwa fundi bomba. Jina hilo la utani lilimkaa binti huyo barabara: kazi ya saa nzima aliimaliza kwa robo saa, kisha akalazimika kuirudia.

Ijumaa moja mama alimpa tepu na daftari akapime njia ya bomba jipya la maji la zahanati baada ya masomo.

"Tangi, mlango wa stoo na dirisha la wodi ya wazazi viko kwenye mstari mmoja," alisema. "Pima tangi mpaka mlango. Pima mlango mpaka dirisha. Halafu pima moja kwa moja, tangi mpaka dirisha. Vipimo vitatu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Rafiki yake alimshikia ncha ya tepu. Kipimo cha kwanza aliandika mita 13.35. Cha pili, mita 9.20. Jua lilikuwa kali, na uwanjani netiboli ilikuwa inakaribia kuanza. Chapuchapu aliketi juu ya ndoo, akajumlisha, akaandika 22.55. Akakunja tepu, mbio.

Kesho yake mama alifunga maji, akang'oa bomba bovu la chuma na kulaza jipya, alilokwisha kulikata na kulitia nyuzi za kuungia kule karakanani. Lilipungua mita nzima.

Muuguzi alisimama mlangoni, ndoo tupu mkononi. "Fundi, nina wazazi wawili waliojifungua alfajiri. Maji saa ngapi?"

"Nipe muda kidogo, dada yangu." Mama akamgeukia binti yake. "Sielewi. Si ulipima mara tatu?"

"Labda tepu ilivutika, mama."

Dada yake mkubwa, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu anakosomea hisabati na siku hiyo alikuja nao, alichukua daftari. Akajumlisha vipimo viwili vya kwanza.

"Tepu ivutike, halafu vipimo vikubaliane mpaka sentimita ya mwisho? Hiki cha tatu ulikipima au ulikijumlisha?"

Chapuchapu alitazama viatu vyake.

"Nilikijumlisha. Nilitaka kuwahi netiboli. Nisamehe, mama."

Mama hakufoka. Alimkabidhi tepu tu, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Walipima pamoja: tangi mpaka dirisha, mita 23.55. Waliporudia cha kwanza, kilikuwa 14.35. Alikuwa amesoma kumi na tatu mahali pa kumi na nne.

Mama alirudi karakana kukata kipande kilichopungua. Chapuchapu na dada yake walichota maji shule ya jirani wakayapeleka wodini, safari sita, mpaka viganja vya Chapuchapu vikawa vyekundu. Alasiri kipande kiliungwa, tangi likafunguliwa, na bomba la wodini likakohoa mara mbili kabla ya kutiririka. Muuguzi alicheka kwa sauti.

"Lakini dada," Chapuchapu alisema walipokuwa wakikusanya spana, "hesabu yangu ya kujumlisha haikuwa na kosa."

"Haikuwa nalo. Chuoni tunasoma vekta, yaani hatua zenye urefu na mwelekeo. Ukiwa na hatua mbili, ukatengeneza ya tatu kwa kuziunganisha hizo mbili, hiyo ya tatu ni tegemezi. Haikufikishi popote ambapo zile mbili zisingekufikisha. Ili upate kitu kipya unahitaji iliyo huru, isiyoundwa na hizo nyingine. Vivyo hivyo, kipimo chako cha tatu kilikuwa tegemezi. Kosa la cha kwanza lilihamia humo lote, bila kujulikana."

Mama alifunga sanduku la vifaa, akaketi juu yake.

"Mimi vekta sizijui," alisema, "ila nakutuma upime mara tatu ili kimoja kikikosea, kingine kiniambie. Wewe uliandika kitu ambacho hukukiona, ukanipa kama umekiona. Kukosea kusoma tepu, hata mimi hukosea. Lakini usiandike kamwe kipimo ambacho hukukipima. Mahali hapo acha wazi, uniambie, 'Mama, hiki bado.' Nitajua la kufanya."

"Ndiyo, mama."