Swali Asilomwuliza Baba

Nyumbani walimwita Dokta, ingawa ndiyo kwanza alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Jina hilo alipewa na baba yake, mwoka mikate, aliyependa kutibiwa bure.

"Dokta, mgongo unaniua. Vile vidonge bado vipo?"

Vilikuwepo. Binti akampa vya maumivu, kama alivyompa wiki nzima, na baba akavimeza kwa funda moja la maji. Pale kwenye tanuri alitokwa jasho kutwa, lakini maji aliyakwepa. Choo kilikuwa mbali, na mikate ikiungua hailiki.

Alhamisi alirudi mapema, akatapika, akashindwa kusimama. Mama na binti wakamkimbiza hospitali, ileile ambayo binti alijifunzia kazi. Sista wa zamu alimpima mgonjwa, kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Amepata haja ndogo mara ngapi tangu jana?"

Binti akamgeukia mama yake. Kila asubuhi aliwauliza wagonjwa wa wodi nzima swali hilo bila kupepesa macho. Kwa baba yake hakuwahi kuliuliza. Alimwonea haya.

"Mara moja," Mama akajibu kwa sauti ndogo. "Kidogo, tena mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa."

"Na dawa?"

"Vidonge vya maumivu," binti akasema. "Vitatu kwa siku. Nilimpa mimi."

Damu ikapimwa. Majibu yalipotoka, binti aliketi sakafuni na sare yake nyeupe. Figo za baba zilikuwa zimeumia.

Sista hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. "Figo huchuja damu na kutoa uchafu kwenye mkojo," alisema. "Mwili ukikaukiwa maji, damu inayofika kwenye figo inapungua. Vidonge vile vinaipunguza zaidi. Usisubiri mtu aseme anaumwa figo, mara nyingi hazimuumi. Uliza mkojo."

"Zitapona?"

"Nadhani tumewahi. Wanaochelewa wengine huishia kwenye mashine ya kusafisha damu."

Vidonge vikasimamishwa. Baba akaongezewa maji kwa mshipa, kwa kipimo, maana yakizidi yangejaa mapafuni. Binti mwenyewe alishika chombo cha kupimia mkojo na kuandika kila kilichotoka.

Baba aligeukia ukutani. "Dokta, hata hili?"

"Hata hili, Baba."

Siku ya kwanza chombo kililowa chini tu. Siku ya tatu kilijaa, na binti akalia mbele ya wodi nzima, ameshika mkojo wa baba yake kwa mikono miwili.

Sasa baba ana chupa ya maji kando ya tanuri. Mgongo unatibiwa kliniki, na hamezi kidonge bila kuuliza. Jumapili moja walikuwa na wageni sebuleni. Baba akatoka chooni, akasimama mlangoni.

"Dokta, leo mara tano."

Wageni wakatazamana. Mama akaficha uso. Binti akavuta daftari, akaandika.