Zimwi Lililooga

"Umeuza zimwi yangu?" Sifuna aliuliza.

Nyakio aliganda mlangoni pake, mtaani Woodley, chapati mkononi. Mezani lilikuwepo jalada la kitabu cha mchezo wao, na badala ya zimwi lenye meno, kilichorwa kipande cha sabuni ya Nukia kikitabasamu.

"Sijauza. Nimetafuta mdhamini. Tutachezea fotokopi mpaka lini?"

"Na hapa ndani inasema zimwi inakufa ikipakwa sabuni! Nani ameandika hiyo?"

"Jeremy. Mtu wa matangazo wa hao wa sabuni."

"Yule tajiri wa Lavington anakuitanga dear?"

"Anaita kila mtu dear. Hata askari wa geti."

Mchezo huo waliutunga pamoja kabla hawajapendana. Watu huketi mezani, kila mmoja akajifanya mwanakijiji, akasema anachotenda, na dadu zikaamua kama amefaulu. Sifuna ndiye msimulizi, na zimwi ni yeye. Kitabu cha sheria za mchezo ndicho kilichokuwa mtoto wao wa kwanza, na Nyakio alikuwa amekubali kitiwe sabuni bila kumwuliza baba mtu.

"Chagua," Sifuna alisema. "Mimi ama sabuni."

Nyakio akaondoka, na chapati zake akaondoka nazo.

Jioni simu yake ikalia. Ni Sifuna, na ile meseji ya wasio na salio: tafadhali nipigie. Akapiga mbio mbio.

"Ulitaka nipige?"

"Eeh. Nikuambie sitaki kuongea na wewe."

Akakata. Nyakio alicheka, kisha akalia. Alimpenda huyu mtu, kiburi chake na ufukara wake wa salio, na aliogopa kweli kwamba amempoteza. Akamwandikia: "Jeremy anataka kucheza Jumamosi kabla asaini. Wewe utusimulie. Baadaye ukitaka kuniacha, niache."

Jibu likaja, sijui salio alikopa wapi: "Sawa. Akuje na sabuni yake."

Jumamosi Jeremy akaja na tai, manukato na mkataba. Sifuna akaketi, akanguruma kidogo kusafisha koo.

"Wanakijiji wako shambani. Uvundo wa zimwi umefika kabla ya zimwi lenyewe, watu wanakimbia. Jeremy, unafanya nini?"

"Nalirushia Nukia! Kwa uso!"

Dadu zikampa. Jeremy akapiga meza kwa furaha.

"Imelipata," Sifuna alisema. "Zimwi linaokota sabuni. Linainusa. Linashuka mtoni, linaoga."

"Halafu linakufa?"

"Halafu linanukia. Sasa likikaribia, hakuna anayejua. Linakula chifu. Linakula kwaya yote, sauti ya kwanza hadi besi. Jeremy, umejificha nyuma ya choo. Unasikia harufu ya waridi?"

"Eeh..."

"Umeliwa."

Nyakio alicheka hadi akashika mbavu. Hakuna sheria hata moja iliyovunjwa. Zimwi lilikuwa limetenda linavyotenda zimwi, na yeye ndiye aliyetaka kulifanya katuni ya dukani.

"Hii itatuua sokoni!" Jeremy alifoka. "Nyakio dear, umebaki wewe tu. Sabuni uko nayo. Limalize, nisaini sasa hivi, kitabu kitoke."

Sifuna hakunguruma tena. Aliinamia dadu.

"Unafanya nini, Nyakio?"

Alikitaka kile kitabu, jamani. Alikitaka kiwe dukani, jina lake juu. Lakini si kitabu ambacho Sifuna angeona haya kukifungua.

"Naweka sabuni chini. Naliendea zimwi mikono mitupu."

"Basi hakuna udhamini!" Jeremy akakusanya karatasi zake. Mlangoni akasita. "Lakini pale kwa choo, singeruka ua?"

"Hukusema unaruka."

Jeremy akasonya, akaenda zake.

"Nisamehe," Nyakio alisema. "Ningekuuliza kwanza."

"Na mimi ningepiga simu kama mtu mzima."

"Na salio gani?"

Wakacheka, kila mmoja akingoja mwenzake aache kwanza.

"Tumerudi kwa fotokopi," Nyakio alisema.

"Tumerudi."

"Na mimi je? Zimwi limenila?"

Sifuna alirusha dadu, wala hakuziangalia.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Limebakisha nini?"

"Mkono wa kushoto."

"Wa nini sasa?"

Sifuna akapapasa mfukoni, jasho likimtoka.

"Wa pete."