Dorelly Hatoki Kwenye Foleni

Jumamosi ya soko, uwanja wa mji wa Calarcá ulifurika watu. Wakulima walishuka milimani na kahawa yao, mikungu ya ndizi ikarundikwa hadi kwenye ngazi za kanisa, na katikati ya barabara, pale pale penye msongamano mkubwa kuliko wote, gari jekundu la zamani, jeep aina ya Willys, likakohoa mara mbili na kuzimika.

Dereva alishuka bila haraka. Dorelly Buriticá alikuwa na miaka ishirini na minane, suruali ya jinzi, buti za marehemu baba yake, na midomo aliyoipaka rangi nyekundu kuliko hata gari lenyewe. Alifungua boneti akainama ndani na bisibisi. Honi zilimpigia kutoka kila upande.

"Mwanamke na Willys, wapi na wapi?" mtu akapaza sauti kutoka kwenye lori.

"Shuka uje uiwashe wewe," Dorelly akajibu bila kugeuka. "Spana ninayo."

Hakushuka mtu. Aliyesogea alikuwa kijana mmoja mgeni, mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, na kipande cha arepa, mkate wa mahindi, mkononi bado kikitoa moshi.

"Sio kabureta," alisema huku akitafuna.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ila naona unaitesa kabureta ya watu bila kosa."

"Na wewe nani, wakili wake?"

"Faber Arcila, fundi umeme wa magari. Nimetoka Cali, nimefungua karakana hapo juu kwenye mtaa wa mteremko."

"Cali ni tambarare. Huku magari yanapanda milima."

"Umeme haujui mlima, mrembo."

"Mimi naitwa Dorelly. Kama mdomo una nguvu hivyo, tuone mikono. Sukuma."

Faber alimeza arepa yake, akaegemeza bega na kusukuma. Gari lilipoanza kuteremka Dorelly aliachia klachi, injini ikashika kwa mshindo, na moshi mweusi ukamfunika yule kijana na shati lake. Dorelly alimwona kwenye kioo akijipangusa macho. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na hakuwa amecheka tangu amzike baba yake.

Sasa, kituo cha jeep za abiria cha Calarcá kina foleni, na nafasi kwenye foleni hiyo mtu huachiwa na baba yake. Mzee Rubiel Buriticá alipandisha watu na mizigo maisha yake yote, na alipofariki akamwachia nafasi mwanawe wa pekee. Kwamba mwana huyo ni wa kike, hilo lilimkwama kooni Don Gildardo Ospina, mwenyekiti wa madereva, ambaye alikuwa na mpwa wake anayesubiri nafasi kwa hamu. Lakini utaratibu ulimbana. Utaratibu huo huo ulisema pia kwamba gari likivutwa kwa kamba mara tatu katika msimu mmoja wa kahawa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Dorelly alikuwa ameshavutwa mara mbili.

"Gari linamlilia marehemu mwenyewe," watu walisema wakitikisa vichwa.

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa amelipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe wiki ile ya matanga, kila chuma chake, hadi chini kwenye chesisi na mahali injini inapokalia. Alilitengeneza kwa ajili ya maandamano ya jeep, siku ambayo kila Willys mjini hung'aa na kubeba vitanda, kabati, ndizi na kuku, mwenye nalo akijigamba. Gari lililopendwa kiasi hicho lina nini cha kulilia?

Jumatatu alilipeleka kwa Faber. Alifika likiwa linanguruma, akaliegesha pua ikitazama bondeni, na alipoondoka aliachia breki tu, mteremko ukaliwasha. Ndivyo wafanyavyo madereva wote wa Calarcá. Mtu akigusa stata penye mteremko watu humuuliza kama anaumwa.

Faber alibadilisha plagi. Akabadilisha platini, kisha kondensa, kisha koili. Kila mara injini iliimba vizuri pale mbele ya karakana, na kila mara Dorelly alipopakia magunia na kupanda kwenye ukungu taa zikiwaka, ilianza kukatakata na kuishiwa nguvu. Alirudi anasonya. Faber alimpa kahawa chungu, akaanza upya. Katikati ya kuanza upya huko, mapenzi yakaingia.

"Umekula?" Faber alimpigia simu mchana mmoja.

"Wewe fundi wa gari au wa tumbo langu?"

"Nimeuliza tu, kipenzi."

"Nimekula. Na leo imekohoa tena pale kwenye kona ya msalaba, kipenzi chako."

"Ilete nikuone."

"Uione."

"Nimesema nikuone."

Dorelly alikata simu, akatazama barabara, na tabasamu likamkaa usoni hadi juu mlimani. Jioni hiyo Faber alimbusu kando ya benchi la kufanyia kazi, mikono akiiweka mbali ili asimpake grisi. Dorelly aliichukua mikono hiyo akaiweka kiunoni mwake mwenyewe, blauzi yake nyeupe ikaharibika kabisa, na hakujali. Alimpenda. Alijiambia hivyo wazi akiwa anafua, na blauzi haikutakata.

Kisha ikaja Ijumaa moja kwenye mgahawa wa kituoni. Dorelly alikuwa anapita nje na mkebe wa mafuta aliposikia sauti ya Don Gildardo ndani, kubwa makusudi.

"Fundi, wewe ndiye daktari wake. Hebu waambie hawa. Lile gari la Buriticá limepona?"

Madereva wote waligeuza vichwa. Faber alikuwa ameketi kati yao, kikombe mkononi.

"Bado," alisema. "Kwa sasa mimi nisingempandisha mama yangu."

Dorelly hakungoja la pili. Aliingia mlangoni na mkebe wake, akasimama mbele ya Faber.

"Ahsante," alimwambia. "Wao walikuwa wanatafuta kamba ya kuninyongea, wewe umewaletea na kiti cha kupandia."

"Dorelly, subiri nimalize."

"Umemaliza. Usinipigie."

Alipiga. Alipiga usiku kucha na asubuhi, na Dorelly aliitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikachoka. Moyo ulimuuma sana. Lakini alikuwa mtu wa kuamka na maumivu yake akayapeleka kazini, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Alipakia magunia ya mbolea ya watu wa kijiji cha Las Golondrinas, abiria sita nyuma, wengine wakining'inia, na mbele kando yake Doña Fabiola, mama anayekaanga sambusa pale mgahawani, aliyekuwa anakwenda kwa dada yake na kapu la kuku. Don Gildardo alimfuata na gari lake tupu. Hakuwa na abiria. Alikuwa na kamba, imekunjwa vizuri juu ya kiti, mahali ambapo Dorelly angeiona.

Kwenye kona ya msalaba ukungu ulishuka. Dorelly akawasha taa. Injini ikakatika, ikashika, ikakatika tena, na pale penye mwinuko mkali kabisa ikazima. Alivuta breki ya mkono. Pua ya gari ilitazama mbinguni na nyuma yake kulikuwa na magunia, watu na korongo. Kuachia lishuke kinyumenyume ili liwake ingekuwa kuwaua.

Don Gildardo alishuka, shuka yake ya poncho begani.

"Tukuvute, binti? Sio aibu."

"Kamba yako kafungie ng'ombe, Don Gildardo."

"Rubiel alikuwa rafiki yangu. Nakusaidia."

"Baba alipokuwa hai hukumfuata na kamba. Sogea kando, abiria wangu wanataka hewa."

Don Gildardo alikunja mikono, akaegemea gari lake. Alikuwa na subira yote ya dunia.

Kwa mara ya kwanza tangu gari liwe lake, Dorelly alivuta kitasa cha choki kwenye dashibodi na kubonyeza stata. Ililia kivivu, ngwee, ngwee, ikafa. Akarudia. Harufu ya kuungua ikajaa, na alipogusa kitasa cha choki alirudisha mkono haraka. Vidole viwili vilikuwa vimebabuka.

"Na umempigia yule kijana?" Doña Fabiola aliuliza, akituliza kuku.

"Yule aliyeniuza?"

"Ulitoka mbio mno, mwanangu. Ungesimama kidogo ungesikia. Alisema hivi, mimi nilikuwa pale na karai langu: kosa ni langu mimi fundi, yeye anaendesha kuliko nyie wote, na yeyote atakayemnyang'anya nafasi kwa ujinga wangu aje anivunje mimi meno kwanza. Mwenyekiti hakuipenda ile."

Vidole vilimwuma, na kifua kilimwuma zaidi. Akatoa simu. Iliita mara moja tu.

"Dorelly?"

"Sikupigi kukuomba msamaha. Huo nitakuomba tukionana. Nimezima kona ya msalaba nikipanda Las Golondrinas, Gildardo yuko nyuma yangu na kamba, na choki imeniunguza vidole."

Sauti ya upande wa pili ikabadilika.

"Imekuunguza? Choki?"

"Imekuwa moto kama pasi."

"Ulibonyeza stata?"

"Sikuwa na la kufanya."

"Kabla ya leo uliitumia lini?"

"Nani anatumia stata Calarcá, Faber?"

"Mungu wangu, na mimi mjinga sijaigusa hata siku moja. Nisikilize, mpenzi. Umeme wa stata unatoka kwenye betri, na lazima urudi. Unarudi kwa ule waya mnene wa ethi, kutoka injini hadi kwenye chesisi. Ukikosa njia hiyo unatafuta nyingine, na nyingine ni kebo yako ya choki, ule uzi wa chuma unaokwenda kwenye kabureta. Ndiyo maana imewaka. Na cheche zako pia zinarudi huko huko. Ukiwa mtupu zinatosha. Ukipanda na mzigo, injini inajitikisa kwenye raba zake, njia inakatika. Chungulia waya wa ethi. Umekatika?"

Dorelly alijilaza kifudifudi kwenye matope na blauzi yake ya Jumamosi. Waya ulikuwepo, mzima kabisa, umekazwa kwa bolti. Ila chini ya bolti, kati ya waya na chuma, palikuwa na rangi. Nyekundu, nzito, mapako mawili, inang'aa.

Alibaki amelala pale. Aliikumbuka brashi, na jinsi alivyolia akipaka.

"Ni mimi," alisema kwenye simu. "Nilipaka rangi kila mahali. Hata hapo. Nikafunga waya juu yake."

"Una waya wa kushtulia betri?"

"Faber, ni mimi niliyeliharibu gari la baba."

"Ulilipenda kupita kiasi, basi. Utalia baadaye, nitakuwepo. Waya unao?"

"Uko chini ya kiti."

"Upande mmoja bana kwenye hasi ya betri. Mwingine bana kwenye injini yenyewe, mahali penye chuma kitupu. Halafu washa."

Dorelly aliinuka, matope usoni. Alibana, akabana. Don Gildardo alisogea hatua mbili kuchungulia. Dorelly aliketi kwenye usukani, akamtazama mzee yule moja kwa moja machoni, akabonyeza stata.

Injini iliwaka kabla hajaondoa kidole. Abiria nyuma walipiga kelele na kuku wa Doña Fabiola nao wakapiga zao. Gari lilipanda ule mwinuko na magunia yote, taa zikiwaka, bila kukohoa hata mara moja.

Watu wa Las Golondrinas walikuwa bado wanashusha mbolea Faber alipotokea, amebebwa kwenye pikipiki ya muuza maziwa, nywele zimesimama, waya mpya shingoni na msasa mfukoni. Dorelly alimwendea na matope yake.

"Nisamehe," alisema. "Sikusubiri umalize."

"Na mimi ningeanza na ile nusu ya pili."

Walikumbatiana mbele ya kijiji kizima. Kisha Dorelly akachukua msasa, akaingia chini ya gari, akaikwangua rangi ile mwenyewe mpaka chuma kikaonekana. Faber alikaza waya mpya. Don Gildardo alisimama kando akivuta sigara.

"Haya," alisema mwishowe. "Hujavutwa. Nafasi ni yako. Ila mkioana na huyu, ni vizuri mume ndiye aendeshe. Watu watasemaje?"

Dorelly alijipangusa mikono kwenye jinzi.

"Huyu nitaolewa naye akinitaka, na nakwambia wewe mapema usije ukasikia mitaani. Lakini usukani ni wangu. Nikipata mimba nitaendesha na tumbo. Nikizeeka nitaendesha na miwani. Mkisha kunizika ndipo mpeleke maombi kwa binti yangu, na yeye atawakatalia."

Don Gildardo alimgeukia Faber. "Na wewe unakubali kuolewa hivi?"

"Sijaulizwa rasmi," Faber alisema. "Ila jibu ninalo."

"Ndiyo kuulizwa huko," Dorelly alisema. "Panda, abiria wa kurudi wananisubiri."

Kiti cha mbele kilikuwa cha Doña Fabiola, aliyekuwa amebadilisha kuku kwa gunia la machungwa na hakuwa na nia ya kumpisha mtu. Faber akazunguka nyuma, akakanyaga bampa, akashika chuma pamoja na wakulima, akining'inia kama wao. Dorelly aliwasha kwa stata, mchana kweupe, huku mteremko uko mbele yake, akashuka kwenda Calarcá kushika zamu yake.